Mafahali Watatu Zizi Moja: Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki na Suala la Kampasi Kuu, 1963–1970

Utangulizi

Kila mwaka wanafunzi wetu wapya wa Kiswahili huuliza swali moja: kwa nini kamusi wanayoambiwa wainunue, jarida wanaloambiwa walisome na sehemu kubwa ya vitabu vya sarufi vilivyomo maktabani vimetoka Dar es Salaam, ilhali Makerere ni chuo kikongwe zaidi? Majibu mepesi hutolewa haraka. Wengine husema kwamba Watanzania ndio wenye lugha. Wengine husema kwamba sisi Waganda hatukipendi Kiswahili, basi. Majibu hayo yana chembe ya ukweli ndani yake, lakini yanaruka sura nzima ya historia. Sura hiyo inahusu miaka saba ambamo nchi zetu tatu zilikuwa na chuo kikuu kimoja, na inahusu namna zilivyogawana kazi za chuo hicho.

Makala haya yanakusudia kuieleza sura hiyo kwa ufupi, kisha kuonyesha ni wapi Kiswahili kiliingia katika mgawanyo ule. Ninaamini kwamba walimu na wanafunzi wa lugha wakiielewa vizuri, watakuwa na la kusema katika mijadala inayotukabili leo kuhusu chuo kipi kiongoze ufundishaji wa Kiswahili nchini Uganda.

Maana ya kampasi kuu

Mfumo wa chuo kikuu wenye kampasi kadhaa hukabiliwa na swali lile lile popote duniani: je, kampasi moja ipewe hadhi ya kuwa kinara, au zote ziwe sawa? Kinara ndiyo kampasi inayopata vitivo vya gharama kubwa, maktaba kubwa na walimu wa kufundisha shahada za juu. Huko Marekani, kampasi ya Berkeley imekuwa na hadhi hiyo katika mfumo wa jimbo la California kwa sababu ndiyo kongwe kuliko zote. Jimbo la New York, ambalo mfumo wake ulianzishwa mwaka 1948, lilikaa miaka mingi bila kinara rasmi, hadi mwaka 2022 gavana wake alipotangaza vinara viwili kwa mpigo, Buffalo na Stony Brook. Swali hilo basi ni gumu hata ndani ya nchi moja yenye serikali moja. Afrika Mashariki ilijaribu kulijibu ikiwa na serikali tatu.

Makerere ya peke yake

Makerere ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, ikiwa na wanafunzi 14 waliojifunza useremala, ujenzi na umakanika. Mafunzo ya utabibu yalifuata Mulago miaka michache tu baadaye. Mwaka 1937 tume iliyoongozwa na De La Warr ilipendekeza kwamba shule hiyo ipandishwe iwe chuo cha juu cha Afrika Mashariki nzima. Mwaka 1949 ikawa chuo kikuu kishiriki chenye uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London, na mwaka 1953 wanafunzi wake wa kwanza walitunukiwa shahada za London.

Kwa hiyo, kwa muda mrefu hapakuwa na haja ya kuchagua kampasi kuu, kwa maana kampasi ilikuwa moja. Kijana wa Tanganyika au wa Kenya aliyefaulu vizuri alipanda treni kuja Kampala. Julius Nyerere alisoma hapa kuanzia mwaka 1943 hadi 1945. Mwai Kibaki alihitimu mwaka 1955, na Benjamin Mkapa mwaka 1962. Orodha ni ndefu, nasi Waganda tumezoea kuisoma kwa fahari. Ni muhimu kukumbuka kwamba fahari hiyo ilitokana na uamuzi wa watawala wa kikoloni wa kuweka elimu ya juu mahali pamoja ili kuokoa fedha. Haikutokana na sifa yoyote ya pekee ya udongo wa Kampala.

Shirikisho la vyuo vitatu

Hali ilibadilika katika miaka ya 1950. Nairobi ilipata chuo chake cha ufundi kwa hati ya mwaka 1951, na wanafunzi wa kwanza wakaingia mwaka 1956. Tanganyika ilifungua chuo chake tarehe 25 Oktoba 1961, majuma sita tu kabla ya Uhuru, ndani ya jengo la chama cha TANU katika Mtaa wa Lumumba. Chuo hicho kilianza na wanafunzi wachache wa sheria, kisha kikahamia Mlimani mwaka 1964.

Hapo ndipo wazo la chuo kikuu cha shirikisho, ambalo lilikuwa limependekezwa na wataalamu tangu mwaka 1958, lilipopewa uhai. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilizinduliwa tarehe 28 Juni 1963, Nyerere akiwa Mkuu wa Chuo. Itazameni vizuri tarehe hiyo. Majuma matatu tu kabla yake, tarehe 5 Juni 1963, Nyerere, Obote na Kenyatta walikuwa wametoa tamko mjini Nairobi kwamba nchi zao zingeungana kuwa shirikisho moja la kisiasa kabla ya mwaka kwisha. Chuo Kikuu kilizaliwa katika matumaini hayo. Kilijengwa kwa ajili ya nchi moja ambayo watu waliamini kwamba inakuja.

Waasisi wake hawakuteua kampasi kuu. Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vilikuwa vyuo vishiriki vyenye hadhi sawa mbele ya seneti moja, na shahada zote zilikuwa za Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Masomo ya sanaa na sayansi yalifundishwa kote kutatu. Mafunzo ya taaluma zenye gharama kubwa yaligawanywa. Makerere ilibaki na utabibu na kilimo. Nairobi ilipewa uhandisi, usanifu majengo, biashara na udaktari wa mifugo, ambao ulikuwa umehamishwa kutoka Makerere kwenda Kabete mwaka 1962. Dar es Salaam ilipewa sheria.

Mantiki ya mpango huo ilikuwa nzuri. Nchi changa tatu, zote maskini, hazikuwa na uwezo wa kuendesha shule tatu za udaktari na vyuo vitatu vya uhandisi. Aidha, mpango huo uliwalazimisha vijana kuvuka mipaka. Mkenya aliyetaka kuwa wakili alikwenda Dar es Salaam, kama alivyofanya Willy Mutunga, ambaye baadaye alikuwa Jaji Mkuu wa Kenya kuanzia mwaka 2011 hadi 2016. Mtanzania aliyetaka kuwa daktari alikuja Mulago. Mganda aliyetaka kujenga madaraja alikwenda Nairobi.

Kwa nini zizi lilivunjika

Wahenga walisema kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Hapa walikuwa watatu. Mwaka 1964 ilikuwa dhahiri kwamba shirikisho la kisiasa halitakuja, na kuanzia hapo Chuo Kikuu kilikuwa paa bila nyumba. Kila serikali ilitoa fedha na kila serikali ikataka kuona faida ndani ya mipaka yake. Kila nchi ilihesabu madaktari, wahandisi na mawakili wake, ikaona hawatoshi, na ikaona kwamba nafasi katika kitivo kilichoko kwa jirani ni chache.

Tanzania ilikuwa na malalamiko ya haki. Nchi ya wakulima haikuwa na kitivo cha kilimo, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 ilitaka chuo kitakachofundisha kwa mujibu wa siasa yake ya Ujamaa na Kujitegemea. Kenya nayo ilitaka kuwafundisha madaktari wake yenyewe. Matokeo yake yalikuja moja baada ya jingine: Nairobi ilianza kufundisha udaktari mwaka 1967, Dar es Salaam mwaka 1968, kisha Dar es Salaam ikafungua kitivo cha kilimo huko Morogoro mwaka 1969. Kitivo hicho ndicho kilichokua na kuwa Chuo Kikuu cha Sokoine mwaka 1984.

Makerere haikuteuliwa rasmi kuwa kinara, lakini ilibeba jina, umri na shule ya utabibu, na wenzake walijua hivyo. Usawa ulioandikwa kwenye hati haukulingana na usawa uliokuwapo uwanjani. Huo ndio udhaifu ambao, kwa maoni yangu, uliua mpango ule kuliko ugomvi wowote wa wakuu. Aliyekuwa na kingi hakutakiwa kutoa ahadi yoyote kwa aliyekuwa na kidogo, na aliyekuwa na kidogo hakuambiwa atasubiri mpaka lini. Tarehe 1 Julai 1970 Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilivunjwa, na vyuo vikuu vitatu vya kitaifa vikazaliwa siku hiyo hiyo. Hata Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule, iliyokuwa imeanzishwa mwaka 1967, ilidumu zaidi yake kwa miaka saba tu.

Safari ya makao ya Kiswahili

Sasa tuingie katika jambo linalotuhusu sisi watu wa Kiswahili. Kabla ya vyuo kushindania udaktari na uhandisi, kulikuwa na chombo kimoja kidogo kilichohamahama katika miji hiyo hiyo. Mwaka 1930 nchi nne, yaani Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar, ziliunda kamati ya lugha ya pamoja kwa ajili ya kusanifisha Kiswahili. Makao yake yalikuwa Dar es Salaam. Mwaka 1942 yalihamia Nairobi. Mwaka 1952 yalihamia Makerere, wakati huo kamati ikiitwa Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Yalikaa hapa miaka kumi, yakaenda Mombasa mwaka 1962, na hatimaye yakarudi Dar es Salaam, ambako mwaka 1964 kamati iligeuzwa kuwa taasisi ya utafiti ndani ya chuo kikuu kishiriki. Hiyo ndiyo iliyokuja kujulikana kwa jina la TUKI.

Wanafunzi wengi hushangaa wanapoambiwa kwamba kwa miaka kumi kitovu cha usanifishaji wa Kiswahili kilikuwa katika kilima cha Makerere. Swali linalofuata ni la haki: mbona hakikuacha mizizi?

Jibu limo katika aina ya kazi iliyofanywa. Kamati ilikagua miswada, ilisanifisha maneno na ilichapisha jarida. Haikuwa idara ya kufundisha. Hakuna mwanafunzi aliyeingia Makerere miaka hiyo ili ahitimu shahada ya Kiswahili kutoka kwenye kamati. Nje ya lango la chuo hali ilikuwa ngumu zaidi. Juhudi za Gavana Gowers za mwaka 1927 za kukieneza Kiswahili zilikuwa zimepingwa vikali Buganda, Kabaka Daudi Chwa akiwa miongoni mwa waliopinga, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 Kiswahili kiliondolewa kati ya lugha zilizotambuliwa katika shule za kawaida za Uganda. Kwa maneno mengine, makao ya Kiswahili yaliletwa Kampala karibu wakati ule ule Kiswahili kilipotolewa madarasani. Kamati ilikuwa kama mpangaji ndani ya chumba cha kukodi. Ilipohama, ilibeba vitu vyake vyote.

Hata fasihi inatoa ushahidi. Juni 1962 Makerere iliandaa mkutano mashuhuri wa waandishi wa Kiafrika wanaoandika kwa Kiingereza. Chinua Achebe na Wole Soyinka walikuja, na Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekuwa bado mwanafunzi hapa, alihudhuria. Sharti la lugha lilimweka nje Shaaban Robert, mshairi mkubwa kuliko wote wa Kiswahili wa karne hiyo, ambaye alifariki dunia mwezi huo huo. Hayati Ngũgĩ mwenyewe alilizungumzia jambo hilo kwa uchungu katika maandishi yake ya baadaye. Kwa hiyo katika mwaka uleule kamati ya Kiswahili iliondoka kilimani, na Kiingereza kikakaribishwa sebuleni.

Linganisheni na yaliyotokea Dar es Salaam. Taasisi iliwekwa ndani ya chuo. Mwaka 1970, chuo kilipojitegemea, Idara ya Kiswahili ilianzishwa kando yake. Shule za msingi za Tanzania zilikuwa zikifundisha kwa Kiswahili, kwa hiyo kila mhitimu alikuwa na darasa la kwenda kusimama mbele yake. Watafiti walipata wanafunzi, wanafunzi walipata kazi, na kazi ilidai vitabu. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mwaka 1981. Mwaka 2009 taasisi na idara viliunganishwa kuwa TATAKI. Hakuna serikali iliyowahi kukaa na kutangaza kwamba Dar es Salaam ndiyo kampasi kuu ya Kiswahili Afrika Mashariki. Hadhi hiyo ilijengwa na mlolongo wa kazi hizo.

Kuna hasara moja zaidi ambayo haitajwi sana. Mwaka 1970 ulipomaliza mgawanyo wa vitivo, ulimaliza pia safari za wanafunzi. Mganda aliyekwenda Dar es Salaam kusoma sheria hakwenda huko kujifunza Kiswahili, lakini alikihitaji sokoni, ndani ya basi na katika mikutano ya wanafunzi, na alirudi nacho. Kila nchi ilipoanza kufundisha kila kitu nyumbani, njia hiyo ya kienyeji ya kueneza Kiswahili miongoni mwa wasomi ilifungwa. Hakuna aliyeipanga, na ndiyo maana hakuna aliyeilinda.

Majirani zetu walifanyaje?

Zaire ilichukua njia tofauti. Mwaka 1971 serikali yake iliunganisha kwa amri moja vyuo vikuu vya Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani kuwa chuo kikuu kimoja cha taifa, kisha ikagawa vitivo kati ya kampasi tatu. Sheria na utabibu vilikwenda Kinshasa, elimu na saikolojia Kisangani, na fasihi na lugha Lubumbashi. Uongozi wote ulikuwa Kinshasa. Hapakuwa na serikali tatu za kuvutana, na bado mfumo huo ulivunjwa baada ya miaka kumi, mwaka 1981. Hata hivyo, kitivo cha lugha kilichowekwa Lubumbashi, mji ambao watu wake huzungumza Kiswahili, kiliifanya kampasi hiyo kuwa mahali muhimu pa utafiti wa Kiswahili cha Kongo. Kazi iliwekwa mahali penye wazungumzaji, ikakua.

Rwanda nayo iliunganisha taasisi zake za elimu ya juu za umma mwaka 2013 kuwa Chuo Kikuu cha Rwanda kimoja chenye makao Kigali, ilhali chuo kikuu cha kwanza cha taifa kilikuwa kimeanzishwa Butare mwaka 1963. Hapo umri haukushinda. Kwa ufupi, kila nchi imelijibu swali la kampasi kuu kwa namna yake, na katika kila jibu kuna mji uliopata na mji uliopoteza.

Historia hii inatufundisha nini leo?

Mazungumzo haya si ya makavazi tu. Mwaka 2005 Katiba ya Uganda ilirekebishwa na Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Mtaala mpya wa sekondari ulioanza mwaka 2020 umekifanya somo la lazima katika madarasa ya mwanzo. Mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha utekelezaji wa Kiswahili kama lugha rasmi pamoja na kufundishwa kwake kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Walimu wanatakiwa kwa wingi, na vyuo vikuu vinaona fursa. Swali la nani awe kinara limerudi, safari hii ndani ya nchi moja.

Nina mambo matatu ya kupendekeza kutokana na historia tuliyoipitia.

Kwanza, tusigombanie jina. Makerere ilikuwa na jina na ilikuwa na kamati yenyewe, lakini havikutosha bila wanafunzi, bila shule zinazohitaji walimu na bila vitabu. Chuo kitakachoandaa walimu wengi na kuandika vitabu vyao vya kiada ndicho kitakachokuwa kinara baada ya miaka ishirini, hata kama hakuna aliyekitangaza.

Pili, kazi zikigawanywa, mgawanyo uandikwe pamoja na wajibu. Chuo kitakachopewa utafiti wa istilahi kiwajibike kuwapa wenzake matokeo yake. Chuo kitakachopewa mafunzo ya walimu kiwajibike kupokea idadi maalumu ya wanafunzi kutoka kaskazini, mashariki na magharibi mwa nchi. Na anayesubiri aambiwe atasubiri hadi lini. Mwaka 1963 jambo hilo halikufanyika, nasi tunajua kilichofuata.

Tatu, tuwarudishe wanafunzi barabarani. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lina makao yake hapa Kampala, na mizizi yake ni ile kamati ya ushirikiano iliyoachwa mwaka 1970 chuo cha pamoja kilipovunjwa. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iko Zanzibar. Vyombo vipo. Mwalimu mtarajiwa wa Kiswahili anayemaliza miaka mitatu Uganda bila kuishi hata muhula mmoja Dodoma, Mombasa au Unguja anakosa kile ambacho mwanafunzi wa sheria wa mwaka 1965 alikipata bila hata kukiomba.

Hitimisho

Ndugu wasomaji, mwanafunzi akiuliza tena kwa nini kamusi yetu imetoka Dar es Salaam, tumweleze historia hii. Tumweleze kwamba makao ya Kiswahili yalipita Kampala, yakakaa miaka kumi, yakaondoka kwa sababu hayakupewa darasa la kufundisha. Hilo ni tofauti kabisa na kumwambia kwamba Waganda hawakukipenda Kiswahili, na tofauti hiyo ina uzito kwa kijana anayejiandaa kwenda kukifundisha. Leo darasa lipo, na limejaa. Lililobaki ni kuona kama vyuo vyetu vitagawana kazi ya kulihudumia, au vitarudia mabishano ya mafahali.